Jinsi ya Kutengeneza Halumi, Jibini la Kupro, na Mvinyo wa Kuliandama

Maswali kuhusu halumi hayabadiliki. Mbona langu limeyeyuka kikaangoni? Maziwa ya pakiti yanafaa? Naweza kutia ndimu badala ya reneti, ile dawa ya kugandisha maziwa? Vile vijani vya kijani ndani yake ni vya nini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia maziwa hadi mezani, kwa njia inayofuatwa vijijini Kupro, kisiwa cha mashariki ya Bahari ya Mediterania. Dukani utaliona limeandikwa halloumi au hellim. Ni jibini lile lile: jina la kwanza ni la Wakupro wasemao Kigiriki, la pili la wasemao Kituruki.

Shika jambo moja kabla ya kuwasha moto: halumi halichachushwi. Majibini mengi huanza kwa kutiwa bakteria wa kuchachua, hili halitiwi. Maziwa matamu hugandishwa kwa reneti, mgando ukakandamizwa, kisha ukapikwa mara ya pili ndani ya maji yake wenyewe. Kwa kuwa hakuna uchachu, kalsiamu hubaki imeshikamana na protini, na ndiyo maana kipande hustahimili moto bila kuyeyuka. Karibu kila halumi linaloharibika jikoni limeharibiwa na maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha, au na haraka katika upishi wa pili.

Tenga saa nne. Kazi hii haikatizwi katikati ukaimalizia kesho.

Unachohitaji

- Maziwa lita 5. Ya ng'ombe au ya mbuzi yatakupa halumi la gramu 500 hadi 600. Ya kondoo hutoa zaidi sana kwa sababu yana mafuta na protini nyingi. Weka pembeni nusu lita nyingine kwa ajili ya anari, jibini laini linalotoka kwenye maji yanayobaki.
- Reneti ya maji. Kwa nyingi zinazouzwa, mililita 1.5 zinatosha lita 5, lakini nguvu hutofautiana, kwa hiyo soma chupa. Unatafuta kipimo kinachogandisha maziwa ndani ya dakika 40 hivi. Reneti ya asili hutoka tumboni mwa ndama, mwanambuzi au mwanakondoo. Anayejali uchinjaji wa halali, au asiyekula nyama, achukue ya kuvu au ya mimea.
- Kloridi ya kalsiamu ya maji (asilimia 30), mililita 1.5, ikiwa maziwa yamepashwa moto kiwandani au nyumbani.
- Chumvi isiyo na vidonge vikubwa: gramu 15 za kupaka, na gramu 100 hadi 120 kwa kila lita ya maji ya kuhifadhia.
- Nanaa kavu, kijiko kimoja cha chakula. Ikaushe kivulini, usitumie mbichi.
- Sufuria ya chuma cha pua ya lita 7 au zaidi. Sufuria ya alumini isiyo na mpako iache, kwa sababu chumvi huila.
- Kipimajoto cha jikoni. Hapa hakuna njia ya mkato: nyuzi halisi huwezi kuzijua kwa kidole.
- Kisu kirefu, upawa wenye matundu, chujio pana, kitambaa cha pamba kilichochemshwa, na uzito wa kilo 4 hadi 5 (ndoo ndogo ya maji inatosha). Huko Kupro mgando ulikuwa ukikamuliwa katika vikapu vidogo vilivyosukwa kwa manyasi, na alama za msuko zilibaki juu ya jibini. Chujio la plastiki hufanya kazi ile ile.

Kwanza maziwa

Halumi la asili ni la maziwa ya kondoo na mbuzi. Ya ng'ombe yaliongezwa baadaye, pale uzalishaji ulipokua. Kwa hiyo ukiwa na mbuzi wa maziwa, umekaribia ladha ya kisiwani kuliko mwenye ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe hutoa jibini la rangi ya manjano kidogo na ladha ya upole, na hakuna ubaya kuanzia hapo.

Maziwa ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji hayafai kabisa. Yamepashwa joto kali mno, protini zake zimebadilika, na reneti itakupa uji tu. Sababu hiyo hiyo inayaondoa maziwa yaliyochemshwa nyumbani hadi kufurika, na hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwetu, kwa sababu tumezoea kuchemsha maziwa kabla ya kuyatumia. Unga wa maziwa nao hutoa mgando dhaifu. Maziwa ya mifuko yanayouzwa baridi, au yale ya mashine za kujazia chupa, huwa yamepashwa joto la wastani, na hayo yanafaa mradi uongeze kloridi ya kalsiamu.

Ukiwa na maziwa mabichi, yapashe hadi nyuzi 63 na uyashikilie hapo kwa dakika 30, huku ukikoroga, ili kuua vijidudu vikiwemo vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa. Kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi hadi yashuke nyuzi 34. Yasivuke nyuzi 72.

Kuhusu uchachu, usijidanganye. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kukaa juani hadi adhuhuri yameshaanza kuchacha hata kama ulimi hauoni. Chemsha vijiko viwili vya maziwa hayo kwenye kijisufuria: yakikatika, yapeleke kwenye mtindi. Na kama muuzaji wako huongeza maji, lita 5 zitakupa jibini la lita 4, nawe utailaumu reneti bure.

Hatua kwa hatua

1. Pasha maziwa polepole hadi nyuzi 34. Zima moto. Changanya kloridi ya kalsiamu na vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupoa, mimina, koroga dakika moja.

2. Changanya reneti na mililita 60 za maji baridi yaliyochemshwa. Maji ya bomba yenye klorini huiua reneti, kwa hiyo usiyachote moja kwa moja. Mimina kwenye maziwa, ukikoroga kutoka chini kwenda juu kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha yatulize maziwa kwa mwiko hadi yaache kuzunguka. Usikoroge tena baada ya hapo, maana utakuwa unavunja mgando unaojijenga.

3. Funika sufuria, izungushie taulo, na iache dakika 40 hadi 45. Usiisogeze.

4. Pima mgando. Chomeka kisu kwa mshazari na uinue taratibu. Ukipasuka mstari mmoja safi na maji ya kijani-manjano yakajaa kwenye ufa, uko tayari. Ukivunjika kama mtindi, ngoja dakika 10 zaidi.

5. Kata mgando vipande vya sentimita moja hadi moja na nusu: kwanza mistari ya wima, kisha ya kukatiza, kisha lalisha kisu ukate kwa upande. Waache watu wakuambie havihitaji kulingana, lakini vinahitaji: vikubwa hubaki na maji ndani na vidogo hukauka, na jibini likawa na mabaka. Acha vitulie dakika 5.

6. Washa moto mdogo kabisa. Panda kutoka nyuzi 34 hadi 40 kwa muda wa dakika 25, ukikoroga kwa upole bila kuacha. Vipande vitapungua, vitakuwa vigumu kidogo, na havitashikana ovyo. Ukiharakisha, ngozi ya nje ya kila kipande hufunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Ukifika nyuzi 40, shikilia hapo dakika 15 hadi 20, kisha acha mgando uzame.

7. Tandika kitambaa ndani ya chujio, weka chujio juu ya sufuria nyingine, na umimine. Usimwage hata tone la maji ya jibini, kwa kuwa kazi iliyobaki yote inayategemea. Kunja kitambaa, weka sahani juu, kisha uzito. Baada ya dakika 30 geuza upande wa pili na ukandamize dakika 30 nyingine. Unataka bamba lililoshikana, lenye unene wa sentimita 3 hivi. Usiliache likandamizwe usiku kucha. Katika joto la pwani litachacha, na kesho litayeyuka kikaangoni.

8. Wakati mgando unakandamizwa, toa anari. Pasha maji ya jibini, na yakifika nyuzi 65 ongeza ile nusu lita ya maziwa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Koroga hadi uone mabonge madogo meupe yakianza kutokea, mnamo nyuzi 80 hadi 85, kisha acha kukoroga. Yataelea juu kama povu zito. Yaopoe kwa upawa wenye matundu, yaweke kwenye kitambaa yachuje. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni nyongeza. Faida yake ni mbili: unapata jibini la pili kwa gharama ya nusu lita ya maziwa, na maji yanabaki mepesi, hayaachi ukoko kwenye halumi wakati wa kulipika.

9. Kata bamba vipande vinne. Weka kisahani kilichogeuzwa chini ya sufuria ili jibini lisishike, na utumbukize vipande kwenye maji ya jibini yakiwa nyuzi 90 hadi 95, yanayotetemeka bila kububujika. Mwanzoni vitazama. Vikielea, endelea. Jumla ya muda ndani ya maji hayo isipungue dakika 30, na kwa vipande vya sentimita 3 ni bora dakika 45. Kipande kilichoiva hubonyea kama nyama ya kuku iliyochemshwa, hakichaniki. Walioko nyanda za juu wakumbuke kuwa Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Limuru chini kidogo ya hapo. Joto hilo linatosha, lakini ongeza dakika 10.

10. Opoa, weka juu ya trei, subiri dakika mbili au tatu tu. Likiwa bado la moto, nyunyiza chumvi na nanaa kavu pande zote, kisha likunje katikati na ulibonyeze kwa kiganja. Mkunjo huo ndio umbo la halumi la vijijini, na ndio unaoifungia nanaa ndani. Likipoa kabla hujalikunja litapasuka. Vaa glavu safi kama mikono haistahimili moto.

11. Chuja maji ya jibini yaliyobaki, yachemshe, pima chumvi (gramu 100 hadi 120 kwa lita), na uyaache yapoe kabisa. Panga vipande kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na umimine hadi vifunikwe kabisa. Usitumie maji ya bomba yenye chumvi badala yake. Maji matupu huvuta kalsiamu kutoka kwenye jibini na kulifanya liteleze kwa nje.

Halumi bichi laweza kuliwa kesho yake, lina ulaini na hulia menoni ukitafuna. Lile la kukomaa hukaa kwenye maji ya chumvi siku zisizopungua 40, likawa gumu, la chumvi kali na ladha ya ukali kidogo. La nyumbani lihifadhi kwenye friji wakati wote. Kila unapochukua kipande, tumia uma safi, si vidole.

Kulikaanga

Kata vipande vya sentimita moja. Vikaushe kwa kitambaa, kwa sababu unyevu hutoa mvuke na rangi haiji. Kikaango kiwe cha moto wa wastani kuelekea mkali, bila mafuta kama hakishiki. Maji yatatoka kwanza, yatakauka, kisha upande wa chini utageuka kahawia ya dhahabu kwa dakika 2 hivi. Geuza mara moja. Juu ya jiko la mkaa lipake mafuta ya zeituni kidogo lisinate kwenye wavu.

Lile la moto ni laini. Likipoa linakuwa kama mpira. Kwa hiyo likaange watu wakiwa wameshaketi. Kama limezidi chumvi, lilaze kwenye maji ya uvuguvugu dakika 30, likaushe, ndipo ulikaange.

Mezani, na mvinyo

Kiangazi Wakupro hula halumi na tikiti maji baridi, na ukijaribu mara moja hutauliza kwa nini: chumvi na sukari hukutana bila kazi yoyote ya mpishi. Asubuhi huliwa na mkate, nyanya, tango na zeituni. Likishakomaa hukunwa juu ya makaroni yaliyochemshwa kwenye supu ya kuku, pamoja na nanaa kavu. Vipande vyake huingia pia kwenye trahana, supu nzito ya ngano na maziwa yaliyochacha. Wanaokula nguruwe huliweka na lountza, nyama ya mgongo iliyolazwa kwenye mvinyo mwekundu na kufukizwa moshi.

Kwa halumi la kukaanga tafuta mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Xynisteri, zabibu nyeupe ya kisiwa hicho inayolimwa zaidi kwenye miteremko ya milima ya Troodos. Ni mwepesi, una uchachu wa wastani, na haukusudiwi kuwekwa miaka. Angalia mwaka kwenye chupa na uchukue mpya. Utumikie kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ukiukosa, mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc wa Dodoma unaweza kuchukua nafasi yake vizuri, mradi uwe mkavu kweli. Mvinyo mwekundu mzito uache: chumvi ya jibini huufanya uonekane mchungu.

Commandaria ni jambo jingine, na usiupoteze kwenye halumi la kukaanga. Ni mvinyo mtamu wa vijiji 14 vilivyo kaskazini ya mji wa Limassol, unaotokana na zabibu mbili tu, Xynisteri na Mavro, ambazo huanikwa juani kwa takriban wiki moja au zaidi hadi sukari yake ijikusanye, kisha mvinyo ukakaa kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 2. Jina lake ni la enzi za mashujaa wa Vita vya Msalaba waliokuwa na makao Kolossi, karibu na Limassol. Umimine kidogo, mililita 60 kwa mtu, kwenye nyuzi 10 hadi 12, mwisho wa mlo, pamoja na ile anari uliyotoa hatua ya 8, asali na lozi zilizokaangwa. Chupa iliyofunguliwa hudumu wiki kadhaa kwenye friji kwa sababu ya sukari yake.

Asiyekunywa pombe aile anari kwa shira ya karobu (maganda matamu ya mti), ambayo Wakupro huipenda hata wakaiita dhahabu nyeusi, au kwa asali tu. Pembeni aweke maji baridi ya ndimu na nanaa.

Mambo yakienda kombo

*Mgando haukushika kabisa baada ya saa moja.* Angalia kwa utaratibu huu: maziwa yalichemshwa au ni ya boksi, reneti imepita muda au ilikaa nje ya friji, uliichanganya na maji ya bomba, maziwa yalikuwa chini ya nyuzi 30. Ukiongeza reneti zaidi sasa utapata jibini chungu, kwa hiyo pasha maziwa hayo, tia ndimu, na ule jibini laini.

*Limeyeyuka kikaangoni.* Lilichacha (maziwa ya zamani, au ukandamizaji wa muda mrefu) au upishi wa pili haukufika nyuzi 90. La pili linarekebishika: rudisha vipande kwenye maji ya jibini ya moto dakika 30. La kwanza halirekebishiki.

*Linamong'onyoka na halikunjiki.* Vipande vya mgando vilikatwa vidogo mno, au ulipanda joto haraka na kuvuka nyuzi 42, au umelikunja likiwa limepoa. Kama ni hili la mwisho tu, lirudishe kwenye maji ya moto dakika 5 na ujaribu tena.

*Lina matundu mengi kama sifongo.* Hayo ni mashimo ya gesi ya vijidudu. Vyombo au maziwa hayakuwa safi. Kama lilivimba kabla ya kupikwa, litupe.

*Linateleza kwa nje ndani ya chupa.* Chumvi haitoshi, au umetumia maji matupu. Lioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, utengeneze mengine. Likinuka vibaya, usijaribu kuliokoa.

*Nimetia ndimu badala ya reneti na limegandika vizuri.* Umetengeneza jibini la uchachu, linalofanana na paniri ya Kihindi. Nalo haliyeyuki, lakini halikunjiki na haliishi kwenye maji ya chumvi. Ulile kama lilivyo.

*Anari haikuelea.* Maji yalikaa muda mrefu kabla ya kupashwa, au ulikoroga baada ya mabonge kuanza kutokea. Kijiko kimoja cha maji ya ndimu kwenye nyuzi 85 huyasaidia yashikane, lakini tia kidogo, kwa kuwa maji hayo hayo yatapika halumi.

Kwa wanaotaka kuuza, kuna jambo moja la kisheria. Mwezi Aprili 2021 Umoja wa Ulaya ulisajili majina halloumi na hellim kama majina yanayolindwa kwa asili yake, na ulinzi huo ukaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Ndani ya nchi za Umoja huo, jibini lililotengenezwa nje ya Kupro haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo hata kama limefuata kila hatua iliyo hapa. Aliye Ujerumani au Uholanzi anayetengenezea majirani aandike kwenye kibandiko chake jibini la kukaanga, au la kuchoma, na aorodheshe aina ya maziwa, reneti na kiasi cha chumvi.